Msiba wa aina hii usizikwe usiku

Ukiyasoma matangazo ya vifo katika magazeti na redio zetu kwa makini, utagundua kwamba lugha ya kifo nchini Kenya ina hazina ndogo ya misemo. Marehemu ama 'aliugua kwa muda mrefu', ama 'aliugua kwa muda mfupi', ama 'alihusika katika ajali ya barabarani', ama 'alituacha ghafla'. Misemo mitatu ya kwanza hueleza jambo. Huo wa nne kazi yake ni kumzuia msomaji asiulize. Yapo mauti ya ghafla kwa hakika, ya moyo uliosimama au mshipa uliopasuka kichwani. Lakini wanakijiji wazoefu wanajua kwamba neno 'ghafla', hasa marehemu akiwa kijana, na hasa mazishi yakifanywa siku ya pili badala ya juma la pili, aghalabu ni pazia.

Ukoo wetu ulilishusha pazia hilo mwaka 2014. Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Kakamega, alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 31. Tangazo la redio lilisema alituacha ghafla. Maneno hayo yalitungwa na kikao cha wazee. Mama aliyemzaa hakuulizwa. Sitaeleza alivyofanya wala mahali alipofanyia, na mbele katika makala haya nitasema ni kwa nini. Sikuchukua kalamu ili niomboleze hadharani. Nataka kueleza lile ambalo mama yetu alilifanya na msiba huo, kwa sababu naamini limefaa, na kwa sababu lina wapinzani ambao hoja zao zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwanza tuyatazame mambo tuliyoyarithi. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, aliyejiua hakuzikwa kama watu wengine. Alizikwa usiku au alfajiri, bila vilio wala hotuba, na jina lake halikupewa mtoto yeyote baada yake. Kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Paul Bohannan mwaka 1960 kina sura juu ya watu wa Kavirondo ya Kaskazini, yaani Waluhya wa leo, na nyingine juu ya Waluo. Yaliyomo hayatamshangaza mzee yeyote wa kwetu. Ni desturi zilizozaliwa na hofu kwamba kifo cha namna hiyo huambukiza.

Wasomi wa rika langu hupenda kuzicheka desturi hizo, nami siungani nao. Hofu hiyo haikuwa upuuzi mtupu. Utafiti wa siku hizi unaonyesha kwamba jamaa wa mtu aliyejiua huwa katika hatari kubwa zaidi wao wenyewe kuliko watu wengine, na kwamba vifo hivi huweza kufuatana katika shule moja au mtaa mmoja. Wahenga wetu waliliona jambo hilo kwa macho. Waliitambua hatari lakini dawa yao ilikuwa kimya, na kimya humwacha mfiwa peke yake wakati uleule anapohitaji watu. Mjane hapewi pole. Watoto huambiwa wasimtaje baba yao. Ndugu anayesumbuliwa na mawazo yaleyale hujifunza kwamba hayo hayasemeki.

Kuna kimya kingine ambacho hatukukirithi kwa wahenga, ingawa tunadhani hivyo. Ni ule usemi kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba Mwafrika halisi hana nafasi ya kuugua huzuni. Nimeusikia katika vituo vya bodaboda na nimeusikia pia katika chumba cha wahadhiri. Wausemao hudhani wanautetea Uafrika. Laiti wangejua ulikotoka!

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers, ambaye alipoteuliwa hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwetu, na akailinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata alitumiwa na serikali ya kikoloni kuyaeleza maasi ya Mau Mau, naye akayaeleza kana kwamba yalitokana na kasoro ya akili, si kunyang'anywa ardhi. Kuhusu sonona, kosa lake la hesabu lilikuwa rahisi. Waliofikishwa Mathari walikuwa wale waliosumbua watu: waliopiga, waliovua nguo sokoni, waliochoma nyumba. Anayeketi jikoni kwa mama yake usiku kucha bila kusema neno hakuna polisi anayemkamata na kumpeleka Mathari. Kwa hiyo Carothers hakumwona, na kwa kuwa hakumwona akaandika kwamba hayupo. Kijana wa leo anaposema 'hayo ni mambo ya Wazungu' anamnukuu mkoloni bila kumtaja.

Sasa nirudi kwa mama. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya chekechea, na kama walimu wote wa chekechea hana subira na maneno ya kuzungukazunguka. Mwaka 2015, katika ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, baada ya hotuba nyingi ambazo hazikumgusa marehemu hata kidogo, alisimama akaomba kipaza sauti. Nayaandika maneno yake jinsi nilivyoyanakili siku hiyo, nikiyatoa katika lugha yetu.

"Mwanangu hakufa ghafla. Aliugua miaka miwili. Alikuwa halali. Saa tisa za usiku alikuwa anakuja kuketi jikoni kwangu, anatazama jiko lililozimika. Tulimpeleka kwenye maombi, tukampeleka hospitali, akapewa dawa za malaria. Ulikuwa ugonjwa wa akili, nao ulimuua, kama sukari ilivyomuua baba yake. Baba yake mlimlilia siku nne. Huyu mlimlilia saa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Mwimbishaji wa kwaya aliokoa hali kwa kuanzisha wimbo.

Jioni hiyo mzee wa ukoo, ambaye ni shemeji yake, alimwendea. "Mulamwa," akamwambia kwa neno letu la mashemeji, "mambo kama hayo ungetuachia sisi. Tuna wasichana hapa. Nani ataoa katika nyumba inayosemwa hivyo?" Si hoja ya kupuuzwa. Katika kijiji, jina la nyumba ni mali, na mali hiyo ni ya watu wengi ambao hawakuulizwa kabla ya mama kuchukua kipaza sauti. Mama alimjibu kwa upole kwamba watakaowaoa wasichana hao ndio hasa wanaopaswa kujua, ili siku wakiziona dalili wajue pa kukimbilia, kama wanavyojua nyumba yenye sukari au yenye pumu. Mzee hakukubali siku hiyo, na mpaka leo hajakubali kabisa, ingawa wasichana watatu wa ukoo wameolewa tangu hapo.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilikuja baadaye. Watu walianza kufika kwa mama, mmoja mmoja, aghalabu magharibi wakati ambapo mtu hatambuliki njiani. Alikuja mama wa kilima cha pili ambaye miaka yote tulijua kwamba mumewe aliugua tumbo. Alikuja polisi mstaafu aliyempoteza binti. Alikuja babu aliyemtaja nduguye kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sitini. Katika miezi miwili mama alihesabu nyumba tisa, zote za mwendo wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu. Nyumba tisa zenye msiba mmoja, na kila moja ilidhani iko peke yake!

Kutokana na hao kilianza kikao mwaka 2016, Alhamisi ya pili ya kila mwezi, katika banda la ng'ombe ambalo marehemu baba alilijenga na ambalo ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuuzwa kulipa karo. Halina fahari. Lina mabenchi sita na birika kubwa la chai. Mwanzoni walikuwa wafiwa tu. Baadaye wakaja walio hai wanaougua, na jamaa zao, na hapo ndipo kikao kilipoanza kufanya kazi ambayo haikuwa ya matanga.

Kanuni zake ni chache na zilipatikana kwa kuumia. Habari haitoki bandani. Hakuna anayeulizwa jinsi marehemu alivyofanya. Neno 'jikaze' limepigwa marufuku, pamoja na jamaa yake 'vumilia'. Anayeamini kwamba ni mapepo asikatizwe, na anayeamini kwamba ni ugonjwa asikatizwe, mradi wote wawili wakubali mgonjwa aonwe na mhudumu wa afya. Kanuni hii ya mwisho nilikuwa na shaka nayo nilipoisikia, nikiwa msomi mwenye imani zangu, lakini ndiyo iliyomleta mhubiri mmoja wa maombezi ambaye sasa huwatuma watu kwetu badala ya kuwafungia kanisani kwa mfungo. Katika Kaunti ya Makueni, watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei walifuata njia kama hiyo: waliwafunza waganga wa kienyeji na wahubiri wa uponyaji pamoja na wahudumu wa afya ya jamii kuzitambua dalili na kuwapeleka wagonjwa kliniki. Anayewangoja wananchi wa mashambani waache kwanza waganga ndipo watibiwe atangoja sana.

Muuguzi wa zahanati iliyo jirani huja kila anapoweza. Ndiye aliyetufundisha jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuuliza. Alisema kwamba ukimwona mtu amekata tamaa, muulize waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai. Banda zima lilishtuka. Katika lugha zetu, na katika Kiswahili pia, kumtajia mtu kifo chake ni kama kumtabiria, na kumtabiria ni kama kumwitia. Muuguzi akaeleza kwamba utafiti umelichunguza jambo hilo mara nyingi, na kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa aliye nalo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Kina mama walilijadili kwa muda mrefu, wakapata ngazi yao wenyewe. Huanza kwa kuuliza: "Je, huchoka hata ukatamani usiamke?" Akinyamaza au akisema ndiyo, ndipo huuliza swali lenyewe bila kulifunika. Mtu wa isimu hujifunza mengi akikaa karibu na birika la chai.

Nisitie chumvi. Kikao hakikuwaokoa wote. Tangu kianze, nyumba mbili za wanakikao zimepata msiba uleule tena, na hakuna mtu bandani anayejua kwa hakika ni nani aliyesaidiwa akabaki. Mama hataki kabisa isemwe kwamba fulani aliokolewa na kikao. Husema mgonjwa si ushindi wa mtu. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba watu kadhaa wanakunywa dawa na kufundisha, kulima na kuendesha pikipiki, na kwamba wajane wa vifo hivi sasa hupewa pole mchana.

Fedha nazo zinasumbua. Kila mwanakikao hutoa shilingi 50, na sehemu kubwa huenda kwenye nauli. Zahanati huishiwa na dawa za akili kwa miezi mfululizo, na hapo mgonjwa hulazimika kupanda matatu mbili hadi hospitali kubwa, akafika amechelewa, akaambiwa arudi Jumanne. Nauli huonekana jambo dogo kwa wanaopanga mambo makubwa.

Si kwetu tu nauli ilikouwa na uzito huo. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe, mtaalamu wa magonjwa ya akili jijini Harare, amesimulia mara nyingi juu ya mgonjwa wake, msichana wa miaka 26, aliyejiua kabla ya kurudi hospitalini kwa sababu familia yake haikuwa na nauli ya dola 15 hivi. Kutokana na msiba huo, mwaka 2006 Chibanda alianza kuwafunza mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Jaribio lililofanywa katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba walioketi na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Lililonivutia zaidi mimi ni la maneno. Benchi hilo lilipoitwa benchi la afya ya akili, watu walilikwepa. Nani anataka kuonwa amelikalia? Mabibi wenyewe wakashauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja. Wala mabibi hawakutumia istilahi za vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu alilielewa na ambalo halimwaibishi mtu. Msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa maana sisi nasi husema 'ana mawazo', na husema hivyo kwa huruma.

Hapa naomba radhi ya msomaji nikae kidogo katika taaluma yangu. Kiswahili kina maneno tele ya kumtukana mgonjwa wa akili: kichaa, mwendawazimu, punguani, afkani, chizi. Neno 'kichaa' limo katika safu moja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, majina ya watu yaliyoingizwa katika ngeli ya vitu. Lakini angalia upatanisho wake. Hatusemi 'kichaa kimefika'; twasema 'kichaa amefika'. Sarufi inamrudishia utu wake papo hapo baada ya jina kumpokonya. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba sarufi ya Kiswahili ina adabu kuliko wasemaji wake.

Kwa ugonjwa wenyewe tuna upungufu. Watafsiri wa Kenya wamelipenda neno 'unyogovu', lakini bandani sijapata kumsikia mgonjwa hata mmoja akilitumia, wala mama wa mgonjwa. 'Msongo wa mawazo' linafaa kwa mtu aliyelemewa na kazi au deni, na humwacha nje yule asiye na deni lolote lakini hawezi kuamka kitandani. Watanzania hutumia 'sonona', na naona wametushinda. Limetoka katika kitenzi kilichomo lughani tangu zamani, kusononeka, ambacho hata bibi asiyesoma anakijua. Halina tusi ndani yake, na hutaja uchungu ulio moyoni bila kumlaumu mwenye nao. Ningependa Wizara ya Afya, vyuo vikuu na vyombo vya habari vilichukue. Neno lisiloeleweka kwenye bango la zahanati ni sawa na bango tupu.

Kwa upande wa sheria, tulichelewa sana. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichoachiwa na Waingereza, kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka miwili. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, sisi tukiwa bado koloni, nasi tukalitunza kwa zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru. Mwaka 2019 kijana mmoja wa kikao chetu alitolewa kwenye kitanda cha hospitali akapelekwa seli ya kituo kimoja cha polisi, bandeji zikiwa bado mwilini. Nyanya yake alimletea uji na blanketi, akaambiwa blanketi haliruhusiwi. Tangu siku hiyo hakuna mzazi wa kilima kile aliyethubutu kumpeleka mwanawe hospitali bila kwanza kutunga ajali.

Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba: haki ya usawa, haki ya kuheshimiwa utu na haki ya afya. Kesi ilikuwa imefikishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili na mwanaharakati Charity Muturi. Ni uamuzi wa heri. Ila hukumu ya Milimani haifiki kilimani kwetu kwa miguu yake. Naibu wa chifu niliyezungumza naye miezi kadhaa baada ya uamuzi huo alikuwa bado anawaonya watu barazani kwamba kujaribu kujiua ni jela. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemletea habari.

Vivyo hivyo kwa sheria nyingine. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na ikazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Serikali pia ina mkakati wa kuzuia vifo vya kujiua, wa mwaka 2021 hadi 2026, uliolenga kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10. Hatuna uhaba wa makaratasi. Mwakilishi wa wadi anapokuja bandani, na hutujia mwaka wa uchaguzi, humuuliza swali moja tu: katika bajeti ya kaunti, dawa za akili za zahanati yetu zimeandikwa ukurasa wa ngapi? Mpaka sasa hajauleta ukurasa huo.

Wapo watakaoniambia kwamba majonzi ya nyumba ni ya nyumba, na kwamba kuyapeleka barazani ni tabia ya ugenini. Ni kweli kwamba ughaibuni wapo waliofanya hivyo kwa sauti kubwa. Huko Uingereza, Oktoba 2021, baba watatu waliopoteza mabinti zao walitembea kwa miguu takriban kilomita 480, kutoka nyumba ya mmoja hadi nyumba ya mwingine, wakizungumza na kila waliyekutana naye njiani na kulichangia fedha shirika linalozuia vifo vya vijana. Nawaheshimu. Lakini mama yangu hakuwa amesikia habari zao, na wala hakuiga mtu. Matanga yetu tangu jadi ni mkutano wa watu wote. Ni hapo madeni ya marehemu hutajwa, ugonjwa wake huelezwa, na watoto wake hugawiwa walezi. Kilichokuwa kigeni ni kumnyima mtu mmoja matanga hayo. Mama alidai tu mwanawe apewe alichostahili kila marehemu wa kilima kile.

Mwisho nina neno kwa wenzangu wa kalamu, na hapa ndipo ninapoeleza kwa nini sikusema mdogo wangu alifanya nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na takriban robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Shirika hilohilo limewasihi waandishi kwa miaka mingi wasieleze njia wala mahali, wala wasikipe kifo hicho sababu moja rahisi. Si adabu tu. Jijini Vienna, Austria, mwaka 1987, wahariri walikubali kubadili namna walivyoripoti vifo vya watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi, na vifo hivyo vikapungua kwa kiasi kikubwa mara moja. Ni nadra sana kwa mwandishi wa habari kuweza kuokoa maisha kwa kufuta sentensi.

Magazeti ya Kiswahili yana tatizo la ziada, nalo liko katika kitenzi. Mwingereza akitaka kuripoti kifo hiki bila kutaja njia, lugha yake inamruhusu. Sisi tuna 'kujiua' na 'kujitoa uhai', maneno safi yasiyotaja njia, lakini vyumba vya habari vimezoea 'kujitia kitanzi', hata pale ambapo mwandishi hana hakika ya lililotokea. Msomaji anaelezwa namna kabla hajaelezwa jina. Kisha hufuata sababu, ambayo kwetu huwa moja na ya haraka: alikataliwa na mpenzi, alianguka mtihani, aligombana na mkewe juu ya shilingi 200. Mdogo wangu naye angeweza kuandikiwa sababu ya namna hiyo, kwa maana juma lile alikuwa amekosana na mwalimu mkuu. Miaka miwili ya kutolala isingetajwa.

Marekebisho haya hayahitaji bajeti, mswada wala mkakati. Andikeni 'alijitoa uhai', acheni njia na mahali, mwulizeni daktari au muuguzi kabla ya kumwuliza jirani, na chini ya kila habari wekeni mistari miwili inayomwambia msomaji aliye katika hali hiyo kwamba unaweza kutibiwa, kwamba kusema si kosa la jinai tena, na kwamba aende leo hospitali iliyo karibu naye akiandamana na mtu anayemwamini. Neno 'kitanzi' laweza kuondoka katika vichwa vya habari kuanzia toleo la kesho.